Nani Hufungua Boneti?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya nakuomba ujijibu mwenyewe swali moja: ni lini mara ya mwisho ulipofungua boneti ya gari lako kwa mkono wako? Sikusudii siku lilipokuzimikia njiani ukasimama kando na simu mkononi. Nakusudia kuifungua asubuhi, gari likiwa zima, kwa nia ya kutazama tu hali ya ndani ikoje.

Simama saa moja katika kituo chochote cha petroli, kiwe cha Mombasa, Malindi au Tanga, utayaona ninayoyasema. Kijana wa pampu akiuliza, "Nikuangalilie oili?" wengi hutikisa kichwa na kuondoka. Yule anayekubali huanza kupapasa chini ya usukani, akafungua kwanza mdomo wa tangi, kisha buti, na mwisho ndipo boneti inaporuka. Wala hayo si magari ya kukodi. Ni yao wenyewe, wameyalipia kwa jasho, na wengine wameyanunua kwa fungu lao la shamba la minazi walilorithi.

Zamani mambo hayakuwa hivi, na mimi ni miongoni mwa walioiona zamani hiyo.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na duka la nafaka upande wa Mwembe Tayari. Mwaka 1971 alinunua Peugeot 404 iliyokwisha kutumika, nami nilikuwa na umri wa miaka 13. Baba hakuwa fundi, na jambo hili nataka lieleweke vizuri. Alikuwa muuza mchele na kunde. Lakini alijua kubadilisha plagi, kusafisha platini, kukaza fenbelti, kupima tapeti na kubadilisha oili, kwa sababu kila mwenye gari mtaani petu aliyajua hayo. Kumwita fundi kwa kazi kama hizo kulikuwa sawa na kumwita sonara aje akufungie kifungo cha kanzu.

Vijana wa leo huenda hawajawahi kuziona platini, basi na niwaeleze. Ni vipande viwili vidogo vya chuma vilivyokaa ndani ya disibyuta, vikigusana na kuachana mara maelfu kwa dakika, na kila vinapoachana ndipo umeme unapokwenda kwenye plagi ukatoa cheche. Kwa kazi hiyo vilikuwa vikilika, upande mmoja ukitoka kishimo na upande wa pili ukiota kichuguu, na gari likaanza kukohoa na kukosa nguvu. Dawa yake ilikuwa ni kuvipiga msasa laini na kuipima upya nafasi iliyo baina yake, iwe kiasi cha 0.4 ya milimita. Baba alikuwa na kipimo chake, bamba nyembamba za chuma zilizofungwa pamoja kama kisu cha kukunja. Jirani yetu hakuwa nacho, naye akikata kipande cha boksi la sigara, akakitia baina ya vile vyuma, na wallahi kilikuwa kikimfikisha Malindi na kumrudisha.

Na difu la Peugeot hizo lilikuwa na tabia yake. Halikukubali oili ya kawaida. Lilitaka oili maalumu yenye asili ya mbarika, na asiyejua hilo akitia oili nyingine alikuwa akiliua difu taratibu. Sisi watoto tulicheka sana tulipoambiwa, kwani mafuta ya mbarika tuliyajua kuwa ni adhabu ya tumbo tuliyonyweshwa sisi wenyewe. Nayo 404 ilikuwa gari la fahari wakati ule. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, na katika hizo ile ya 1966 na ya 1967 aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam. Kila mwenye 404 pwani nzima alitembea kama kwamba ana hisa katika ushindi huo.

Kazi ya gari ilifanywa Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Vifaa vilikaa katika sanduku la mbao lililoletewa chai. Kazi yangu ilikuwa kutoa spana inayotajwa na kushika tochi, na ole wangu mwanga ukihama. Majirani wakija mmoja mmoja, huyu na kikombe cha kahawa, huyu na shauri, yule kuazima jeki. Mzee mmoja aliyekuwa na Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe alikuwa akibishana na baba kila wiki kuhusu lililo bora, injini ya mbele au ya nyuma, na ubishi ule haukuisha mpaka walipofariki wote wawili.

Mama alikuwa na ugomvi mmoja tu na gari lile, nao ni grisi. Alikuwa akiitazama mikono ya baba na kusema, "Bwana, udhu huo utasihi vipi na kucha zimezibwa?" Naye baba akijisugua kwa mafuta ya taa, kisha sabuni ya kipande na mchanga, mpaka ngozi ikawa nyekundu, kwa maana hilo si jambo la mzaha, maji hayapiti penye grisi. Ndiyo sababu kazi ilianza mapema, ili kabla ya adhana ya adhuhuri mikono iwe imetakata.

Tukiwa safarini, baba akisikia mlio asioujua hupunguza mwendo na kutunyamazisha watoto sote kiti cha nyuma. Aliujua mlio wa fenbelti iliyolegea, wa beringi inayoanza kufa, wa tapeti zilizoachana. Siku moja tukienda Voi alisimamisha gari kwa kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia, akashuka, akakuta nati mbili za gurudumu la nyuma zimelegea. Alizikaza, akapangusa mikono, tukaendelea, na habari ile haikutajwa tena.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba zamani ilikuwa pepo. Gari lile lilituchosha. Mvua ikinyesha, unyevu uliingia katika disibyuta na asubuhi ikawa ni kusukuma. Hakuna aliyekwenda Nairobi bila debe la maji, kwani injini ikichemka huko Mackinnon Road hapakuwa na wa kumlilia. Watu walilijua gari kwa sababu gari liliwalazimisha walijue. Anayesema wazee wetu walikuwa na bidii kutushinda sisi na akumbuke pia kwamba wazee wetu hawakupewa hiari.

Mageuzi niliyaona kwa macho yangu, maana nilifanya kazi ya ukarani miaka mingi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ililegeza masharti ya biashara na ya fedha za kigeni, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika melini. Yalikuja na vibandiko vya Kijapani ndani ya boneti, vikimwambia mwenye gari ni lini abadilishe oili, na hakuna miongoni mwetu aliyeweza kuvisoma. Baadaye yakaja yale ambayo ukiwasha tu, sauti ya bibi wa Kijapani husema maneno yake kwa adabu kubwa. Nimewajua watu walioisikiliza sauti hiyo miaka kumi wasijue inasema nini, na mmoja alishikilia kwamba ni salamu. Yule bibi anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kulipia za Japani haijatiwa mahali pake.

Ndani ya injini hizo kabureta hakuna, wala platini. Sababu yake ni hewa. Marekani ilipitisha sheria kali ya usafi wa hewa mwaka 1970, Japani nayo ikaweka kanuni zake kali katika miaka hiyo hiyo, na watengenezaji wakalazimika kutia katika bomba la moshi kile chombo cha kusafisha ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita masega, kwa kuwa ndani yake kimefanana na sega la nyuki. Masega hayo hayafanyi kazi sawasawa ila injini ichanganye hewa na petroli kwa kipimo halisi, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzani, na kabureta haiwezi kukishika kipimo hicho wakati wote. Ndipo ikawekwa sensa katika bomba la moshi, Volvo wakitangulia mwaka 1976, na kompyuta ndogo ya kuisoma sensa hiyo na kupima petroli kila nukta. Kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani ililazimisha kila gari dogo liwe na tundu la pini 16 chini ya dashibodi, la kuchomekea mashine ya kusomea makosa, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Mimi sizililii platini. Gari la leo huwaka kwa mara moja katika mvua ya masika, hula mafuta kidogo, na baadhi ya plagi zake hutembea kilomita 100,000 kabla ya kubadilishwa. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiwadhuru watoto wetu akili, imeondoka katika nchi zetu tangu mwaka 2006, na kuja kwa masega ni moja ya sababu zilizoifukuza duniani. Anayetaka kuirudisha 404 na airudishe kwake.

Lakini tazama jambo lililotokea baada ya hapo, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kompyuta ilitwaa platini, kabureta na majira ya cheche. Haikutwaa oili. Haikutwaa maji ya rediata, wala mafuta ya breki, wala pedi, wala matairi, wala mikanda, wala maji ya betri, wala kukaza nati za magurudumu. Haya yote yako pale pale yalipokuwa mwaka 1971, na mengine yamekuwa mepesi zaidi, kwani siku hizi vyombo vya maji na mafuta ni vya plastiki inayoonyesha ndani, vimechorwa mstari wa juu na mstari wa chini, huna haja hata ya kufungua kifuniko. Sisi tulipoona kwamba sehemu moja ya gari imetushinda, tukaziacha zote.

Watengenezaji nao wametusaidia kuacha. Wameifunika injini kwa bamba kubwa la plastiki, lenye jina la gari katikati, kama kwamba wanamwambia mwenyewe asiguse. Yako magari ya Ulaya yaliyotengenezwa bila hata kijiti cha kupimia oili. Ukitaka kujua, uulize kioo cha dashibodi. Lakini Vitz, Probox na Noah zinazojaa katika miji yetu zina vijiti vyao hadi leo, na mtoto wa miaka kumi aweza kuvivuta. Kinachotuzuia, kwa maoni yangu, ni aibu. Mikono safi imekuwa alama ya cheo. Mtu mwenye shahada na tai aonekane ameinama juu ya injini mbele ya nyumba yake, watu watasema amefilisika. Ilhali tumesoma kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani akijishonea viatu vyake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na watu wengi zaidi ambao wangeona ni bahati kumshonea.

Basi sasa nikupe kisa cha nyumbani kwetu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, hupata riziki yake kwa Toyota Noah ya kubebea abiria. Ni kijana mwema, haruki swala, na gari lake hulipangusa kama sahani. Baba yake alifanya kazi Dubai miaka ishirini, akileta fedha za matumizi kila mwezi bila kukosa, lakini Jumapili asubuhi hakuwa nyumbani, na hakukuwa na tochi ya kushikiwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 aliwachukua watu saba kwenda harusini Wundanyi, naye mama yake yumo, na mkewe, na watoto wao wawili. Wiki moja kabla yake taa ya manjano ya injini ilikuwa imewaka, naye akalipeleka gari kwenye gereji moja ya mjini. Wakachomeka mashine, wakabadilisha sensa, wakafuta kosa, taa ikazimika. Akauliza, kama mtu mwangalifu, "Gari laweza safari ya milimani?" Akaambiwa, "Mashine imelipima lote, halina kitu."

Anayeijua barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi anajua kona zake. Kupanda hakukuwa na taabu. Kurudi, gari likiwa limejaa, aliiacha gia ya otomatiki kwenye D kama alivyozoea mjini, akawa anashuka mguu wake ukiwa juu ya breki tangu kona ya kwanza. Njiani katikati kikanyagio kikaanza kulainika. Kona mbili mbele kikazama mpaka chini, na gari likaendelea kama kwamba hakuna aliyekanyaga kitu.

Dada yangu ameniambia kwamba hakuna aliyepiga kelele. Yeye alishika kichwa cha mjukuu wake akakibana kifuani, akaanza kutoa shahada. Kijana alikumbuka, sijui alikumbukaje, kuivuta gia mpaka kwenye L, injini ikanguruma na kulizuia gari kidogo, akapandisha breki ya mkono kidogo kidogo, kisha akaliegemeza ubavuni mwa mlima, upande ule usio na bonde. Liliburura hatua nyingi mpaka likasimama. Mlango wa kushoto uliharibika wote na kioo kikavunjika. Watu walikuwa wazima, alhamdulillah.

Na la ajabu ni kwamba walipokaa pale kama saa moja, kikanyagio kilirudi kikawa kigumu kama kawaida. Walishuka kwa mwendo wa miguu.

Lilipofika Mombasa nilikwenda kulitazama. Nilifungua kifuniko cha mafuta ya breki, ambayo yakiwa mapya huwa na rangi ya asali nyepesi, nikayakuta meusi kama kahawa ya buni. Mafuta haya yana maradhi moja: hunywa maji kutoka hewani, hata kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa kupitia mipira na vinyweleo vidogo, na hewa yetu ya pwani wenyewe mwaijua ilivyo. Mafuta ya daraja liitwalo DOT 3 yakiwa mapya hayachemki ila yapite nyuzi 205 za joto. Yakisha kunywa maji ya miaka michache hushuka mpaka kiasi cha 140. Ukishika breki mteremko mzima, joto la pedi huingia katika mafuta, yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kubonyeza breki. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na breki zinarudi kama kwamba hazijafanya kitu. Ndiyo maana watengenezaji wengi huamuru yabadilishwe kila miaka miwili au karibu na hapo. Chupa yake bei ni kama ya sahani mbili za biriani.

"Lakini mjomba," akaniambia, "mashine haikuonyesha kitu."

Na kweli haikuonyesha, wala haikusema uongo. Katika gari lile hakuna sensa inayopima umri wa mafuta ya breki. Kuna kiboya kidogo tu kinachojua kama yamepungua, na hayakuwa yamepungua. Vivyo hivyo hakuna sensa inayojua kwamba tairi limezeeka au kwamba mpira wa maji umeanza kupasuka. Mashine inasoma yale iliyounganishwa nayo, na mengi ya yale yanayoua watu barabarani haikuunganishwa nayo. Kijana wa gereji huenda aliamini alilolisema. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwani mwongo unaweza kumkamata.

Hapa ndipo tunapofika kwenye amana. Mtu anapoacha ufunguo wake kwa fundi na kwenda zake, ameacha roho za watoto wake pia. Wazee wetu nao walikwenda kwa mafundi kwa kazi kubwa, lakini walikwenda wakiwa na ujuzi wa kutosha kuuliza. Baba hakuweza kufungua gia boksi, lakini fundi asingethubutu kumwambia kwamba gari linakohoa kwa sababu ya gia boksi. Leo fundi husema "ni kontroli boksi," na mwenye gari huingia mfukoni. Masheikh wetu wametufundisha kujihadhari na mapatano ambayo upande mmoja haujui unanunua nini, nasi tunafanya mapatano hayo kila mwezi kwa hiari yetu.

Chukua hiyo mashine yenyewe. Ikichomekwa hutoa herufi na tarakimu. Ikisema P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, wa bei ndogo. Huenda ni sensa ya hewa iliyoshika vumbi, na kuisafisha kunatosha. Huenda ni pampu ya petroli iliyochoka. Mashine imekutajia mtaa, nyumba bado hujaijua. Fundi mwaminifu hutafuta nyumba. Asiye mwaminifu, au mvivu, huuza sensa mpya na kufuta taa. Na kifaa cha kusomea herufi hizo siku hizi ni kidogo kama boksi la kiberiti, bei yake yafikika, huzungumza na simu yako, ijapokuwa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe hayaelewani na kila kifaa.

Na masega, je? Ndani yake mna platinamu na madini mengine ya thamani kubwa. Wako wenye magari walioingia gereji na masega na kutoka na bomba tupu lililochomelewa vizuri, wasijue mpaka leo. Ukimwuliza mmoja wao masega ya gari lake yako wapi, atakutazama kama uliyemuuliza habari za nyuki.

Wamarekani wa jimbo la Massachusetts walilipigia kura jambo la namna hii mwaka 2012 na tena mwaka 2020, wakitaka watengenezaji wasiwafiche mafundi wa nje habari zilizomo katika kompyuta za magari, na mara zote mbili wakashinda kwa kura nyingi. Ni haki yao na ni vizuri. Lakini sisi hatujafika huko. Sheria gani itamfunulia boneti mtu asiyetaka kuifungua?

Tena nawaambia hasa akina mama na mabinti, ambao siku hizi wengi huendesha, na ndio wanaodanganywa zaidi kwa sababu inadhaniwa hawatauliza. Tazama ubavu wa tairi lako, utafute neno DOT na tarakimu nne za mwisho mbele yake. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hilo halihitaji spana wala nguvu. Tairi la mitumba lenye meno mazuri laweza kuwa na umri wa mtoto wa darasa la sita, na mpira uliokauka hupasuka kwenye lami ya saa nane mchana bila kutoa taarifa. Binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alilisoma la kwake akiwa dukani, akamrudishia mwenye duka. Mwenye duka alikasirika, kisha akamtolea jingine.

Mafundi nao wana lao la kusema, na si haki kuwanyamazisha. Noah ya mpwa wangu tuliipeleka kwa kijana mmoja wa Changamwe, nami nikakaa juu ya tairi kuukuu nikimtazama. Kutoa mafuta ya zamani kwataka watu wawili, mmoja akanyage na mwingine afungue nati kwenye gurudumu, na mpwa wangu ndiye aliyekanyaga. Mafuta yalitoka meusi, kisha ya hudhurungi, kisha safi, gurudumu baada ya gurudumu. Nilimwuliza yule fundi ni mteja gani anayemuudhi, nikitaraji atasema asiyelipa. Akasema, "Mzee, ni yule anayeniachia ufunguo akaondoka. Nikimpigia simu kumweleza, hataki, ataka bei tu. Nikimwambia breki zataka kazi, asema nataka kumla pesa. Nikiziacha, kesho zikimfelia, ni mimi."

Akamwita mpwa wangu ashuke, akamwonyesha penye kifuniko, akampa kalamu ya rangi nyeupe aandike tarehe kwa mkono wake. Kisha bila ya kuombwa akatufungia pedi za zamani katika gazeti. Moja yao ilikuwa imebaki unene wa kadi ya simu.